Baada ya kengele ya mwisho: njia nne za kulea watoto wakati wa vizuizi, na namna ya kuchagua

Mtoto anatoka shule alasiri, mzazi anatoka kazini jioni. Katikati hapo kuna saa mbili au tatu ambazo lazima mtu mzima awe na mtoto. Kabla ya 2020, mzazi aliyepata nafasi kwenye kituo cha kulelea watoto baada ya shule hakuumiza kichwa. Mtoto alivuka uwanja, akaingia kwenye chumba chenye wenzake 30 wa madarasa yote, akala kitu, akamaliza kazi za nyumbani, akacheza hadi alipofuatwa.

UVIKO-19 uligonga hapo hapo. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema ugonjwa huo umekuwa janga la dunia, na mwezi uliofuata UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 ambao shule zao zilikuwa zimefungwa, katika nchi zaidi ya 190. Shule zilipoanza kufunguliwa, nyingi ziligawa watoto katika makundi yasiyokutana: darasa hili na mlango wake, darasa lile na saa yake ya mapumziko. Halafu kengele ya mwisho inalia, na watoto waliotenganishwa kutwa nzima wanamiminika chumba kimoja cha kituo. Kazi ambayo kituo kiliifanya siku zote, yaani kuchanganya watoto, ndiyo iliyokuwa imepigwa marufuku.

Hapo ndipo zilipozaliwa, au zilipopata nguvu mpya, njia nne: kituo chenye makundi yasiyochanganyika, familia chache zinazolea kwa zamu, kituo cha nje, na klabu ya mtandaoni. Nilikuwa mlezi wa kituo wakati ule, na mwanangu alipitia tatu kati ya hizo. Hakuna hata moja iliyokufa pale vizuizi vilipoondolewa, na ikija homa ya mafua kali, surua au kirusi ambacho bado hakina jina, tutarudi kuchagua miongoni mwa hizohizo.

Vigezo

Hewa. Miezi ya mwanzo tulihangaika na vitu. Kila mtoto alikuwa na mfuko wake wa penseli za rangi wenye jina, na kila jioni niliosha matofali ya plastiki kwa maji ya klorini mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Madirisha, wakati huohuo, tuliyafunga kwa sababu ya upepo. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliandika kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa kawaida haufiki hata 1 kati ya 10,000. Mikono iendelee kunawa, maana kuna magonjwa mengine ya watoto yanayopita huko. Lakini kwa ugonjwa unaosafiri hewani, ukifika kituoni uliza habari za madirisha kabla ya kuuliza habari za dawa ya kuoshea.

Saa. Huduma inakupa saa ngapi ambazo wewe huhitaji kabisa kuwa na mtoto? Jibu la haki, si la tangazo.

Siku mbaya. Mtu mmoja kapimwa na kukutwa na virusi. Nani anapigiwa simu, kundi linafungwa siku ngapi, ada inarudi au hairudi, na mtoto kesho atakuwa wapi? Wazazi wengi huchagua kwa kuangalia siku nzuri: picha za ukutani, ratiba ya michezo, tabasamu la mkuu wa kituo. Kwangu kigezo hiki kina uzito mara mbili ya vingine, kwa sababu siku ikiwa nzuri, njia zote nne zinafanana kuliko watu wanavyodhani.

Mtoto. Anapata wenzake? Anapata mtu mzima anayemjua?

Mfuko na jasho. Fedha ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kazi inayohamia kwako.

Utaona sijamweka bibi na babu kwenye orodha. Kwa familia nyingi wao ndio waliokuwa kituo, na ndio waliokuwa hatarini zaidi kuugua vibaya. Mzazi aliyelazimika kumwondoa mtoto kwa bibi ndiye aliyekuwa akigonga mlango wetu.

Kituo chenye makundi yasiyochanganyika

Ni kituo kilekile, kimekatwa vipande. England iliporuhusu vituo vya nje ya saa za shule kufunguliwa Julai 2020, mwongozo ulitaka makundi madogo yasiyozidi watoto 15, na walezi walewale kila siku. Denmark ilikuwa imetangulia, Aprili 15, 2020, kwa watoto wadogo na madarasa ya chini katika vikundi vidogo. Japani ilianza na kioja chake: shule zilipoombwa zifungwe kuanzia Machi 2, 2020, klabu za baada ya shule ziliombwa zifungue tangu asubuhi. Kwa maneno mengine, shule ilionekana haifai lakini klabu ikaonekana lazima, kwa kuwa bila hiyo wazazi wasingekwenda kazini.

Hewa: inategemea chumba, basi. Kundi la watoto 12 kwenye chumba kisichopumua ni baya kuliko la 20 kwenye ukumbi wenye madirisha pande mbili. Vituo vilivyojipanga viliweka kipimo kidogo cha kaboni dayoksaidi ukutani. Hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 kwa milioni. Chumba kinachokaa juu ya 1,500 hakiingizi hewa ya kutosha. Kifaa hicho hakipimi virusi, kinakuonyesha tu ni kiasi gani cha hewa mnayovuta kimeshatoka kwenye mapafu ya mwenzako.

Saa: nyingi kuliko njia zote, ila pungufu ya zamani. Ile nusu saa ya jioni ndiyo iliyokatwa kwanza, na nitaeleza kwa nini. Zamani, ikifika saa kumi na mbili kasoro, watoto wawili au watatu waliobaki walikaa na mlezi mmoja mlangoni, wengine tukafagia. Kwa makundi yasiyochanganyika, mtoto wa mwisho wa kundi la kwanza na mtoto wa mwisho wa kundi la pili hawawezi kukaa pamoja. Vyumba viwili, taa mbili, walezi wawili, watoto wawili. Nimewahi kukaa hivyo jioni nzima, tukipungiana mikono na mwenzangu kupitia kioo cha mlango. Kituo kilichoona hesabu hiyo kilipunguza saa, au kilipandisha ada.

Siku mbaya: hapa ndipo mfumo ulipouma. Mmoja akiugua, kundi zima linarudi nyumbani. Mwanzoni siku 14 zilikuwa za kawaida katika nchi nyingi. England ilishusha hadi 10 mwezi Desemba 2020, na Julai 2021 ikaachana na makundi hayo kabisa baada ya wiki za watoto wengi kukaa nyumbani ingawa wenyewe hawakuwa wagonjwa. Faida yake ni kwamba makundi mengine yanaendelea, kituo hakifungwi chote. Hasara ni kwamba huwezi kujua zamu yako itakuja lini, na ikija, hujui itarudi mara ngapi.

Mtoto: anapoteza rafiki wa darasa lingine, na ndugu. Hili la ndugu lilitutesa. Ukipanga makundi kwa madarasa, dada na mdogo wake wanatenganishwa kituoni kisha wanalala kitanda kimoja usiku. Ukipanga kwa familia, unavunja makundi ya shule. Hakuna jibu safi. Upande wa pili, watoto waliokuwa wakizidiwa na kelele za chumba kikubwa walichangamka. Nilimwona mmoja, aliyekuwa akishinda chini ya meza, akaanza kuwapangia wenzake michezo.

Mfuko na jasho: ada hupanda kwa sababu mlezi hawezi tena kuhama chumba hadi chumba kuziba pengo. Jasho lako ni dogo. Unakosa tu yale mazungumzo ya dakika mbili na mlezi, kwa kuwa unamsubiri mtoto getini, kwenye alama ya utepe.

Inamfaa: mzazi ambaye kazi yake haifanyiki nyumbani na ambaye ana mtu wa akiba kwa siku za kufungiwa.

Familia za zamu

Familia mbili, tatu, mara chache nne, zinakubaliana watoto wao wakutane wao kwa wao tu. Ama wazazi wanapokezana siku, ama wanachanga na kumlipa mlezi mmoja. Huko New Zealand serikali yenyewe ilizoesha watu kuifikiria nyumba kama povu, yaani watu wanaokaa pamoja bila kuchanganyika na wengine, na baadaye ikaruhusu povu lipanuliwe kidogo kwa ajili ya malezi.

Hewa: watoto wanne badala ya 15, kwa hesabu ni salama zaidi. Ila kundi lako si watu unaowaona. Ni watu hao pamoja na wanaoonana nao: mjomba aliyetoka safari, mazoezi ya kwaya, duka analouza mama wa mtoto wa tatu. Ndiyo maana makubaliano ya mdomo hayatoshi. Andikeni karatasi moja: nani anaruhusiwa kuingia nyumbani, nani akikohoa anafanya nini, nani anapima, nani anaambiwa. Wenye haya ya kuulizana maswali haya watavunjika kwa ugomvi kabla virusi havijafika.

Saa: nzuri kwenye karatasi. Familia tatu zikipokezana siku tano, kila moja ina siku moja au mbili ya kukaa na watoto wote. Mzazi asiye na ruhusa ya kutoka kazini alasiri hawezi kutoa siku yake, na baada ya wiki tatu za kupokea bila kutoa, hata rafiki wa kweli anachoka.

Siku mbaya: familia moja ikiugua, zote zinasimama. Lakini uamuzi ni wenu, habari zinafika usiku uleule, na kuanza tena ni rahisi.

Mtoto: urafiki mzito, na ugomvi usio na pa kukimbilia. Watoto watatu ni hesabu mbaya, maana wawili huungana. Wa kwangu alikuwa wa tatu kwa wiki nzima, na ilibidi tukutane wazazi kulizungumza jambo ambalo kituoni lingeisha kwa kumhamishia meza nyingine.

Mfuko na jasho: zamu haina ada, ina jasho. Mlezi wa kuchangia ana ada, na katika nchi nyingi kulea watoto wa wenzako kwa malipo kunahitaji usajili. Ulizeni kwanza. Na tuseme wazi: njia hii iliwapendelea wenye nyumba kubwa, kazi za kunyumbulika na marafiki wa kufanana nao. Mtoto aliyehamia mtaani mwezi uliopita hakualikwa na mtu.

Inamfaa: wazazi wanaofanya kazi nyumbani kwa sehemu, wenye watoto wa umri wa karibu, na wasioona haya kuandikishana.

Kituo cha nje

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1904, Charlottenburg huko Ujerumani ilifungua shule ya msituni kwa watoto wadhaifu, na 1908 mji wa Providence, Marekani, ukafungua darasa la hewa wazi kwa sababu ya kifua kikuu. Mwaka 2020 walezi wakalikumbuka: kiwanja, bustani, ukingo wa msitu, turubai.

Hewa: hapa haina mpinzani. Tahadhari ni moja: turubai lililoshushwa pande zote nne limeshakuwa chumba.

Saa: chache, na zinafuata jua na mvua. Uliza swali moja tu kituo cha nje: mvua ikinyesha mnakwenda wapi? Kama jibu ni "tunawapigia simu mje", basi ulicholipia ni malezi ya siku kavu.

Siku mbaya: kwa kuwa watoto hawakai karibu muda mrefu mahali palipofungwa, sehemu nyingi hazikulazimika kufunga kundi zima kila mara. Kinachokifunga zaidi ni hali ya hewa.

Mtoto: anachafuka, anachoka, analala mapema. Kazi za nyumbani hazifanyiki, tusidanganyane. Daftari juu ya goti na upepo haviendi pamoja. Mtoto wa kiti cha magurudumu au asiyeona vizuri anahitaji eneo lililopangwa kwa ajili yake, na viwanja vingi vilivyoanzishwa haraka havikumfikiria. Mlezi naye ana kazi ya kuhesabu vichwa kila dakika chache, bila kuta za kumsaidia.

Mfuko na jasho: kodi ya jengo ni ndogo, mavazi ni mengi. Andaa jozi ya pili ya kila kitu, viatu vikiwemo.

Inamfaa: mtoto asiyetulia kwenye kiti, na nyumba yenye mtu anayepaswa kulindwa sana.

Klabu ya mtandaoni

Mlezi yuleyule, kwenye kioo cha simu au kompyuta. Asubuhi mzazi anachukua bahasha getini, yenye karatasi, uzi na gundi, na alasiri watoto wanatengeneza kitu pamoja kwa video.

Hewa: hakuna la kusema.

Saa: hapa lazima nikubane sikio. Klabu ya mtandaoni hailei. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, na kwa mtoto wa miaka sita dakika 40 ni nyingi. Katika muda huo lazima mtu mzima awe nyumbani. Ukiilinganisha na kituo kwa ada, utaona ni rahisi mno. Ukiilinganisha kwa saa, utaona umenunua kitu kingine kabisa.

Siku mbaya: ndiyo njia pekee isiyofungwa. Mtoto aliyewekwa karantini leo, kesho yuko na wenzake kama kawaida. Kituo chetu kilipofunga kundi, tuliwasha kamera siku iliyofuata, na wale waliokuwa wakilia getini wakaja kutuonyesha paka.

Mtoto: anainua mchoro wake karibu na kamera mpaka wote tunaona rangi ya buluu tupu. Anazungumza huku amezimwa sauti. Mdogo wake anapita akitambaa. Ni vurugu yenye raha, ila mtoto mwenye aibu hupotea kwenye kisanduku chake, na mlezi asipomwita kwa jina hatasema kitu hadi mwisho. Kwa usalama, angalia mambo matatu: walezi wawili kwenye kila kikao, mlango wa kusubiria kabla ya kuingizwa, na marufuku ya kurekodi.

Mfuko na jasho: ada ndogo, bando na kifaa ni juu yako. Nyumba yenye watoto watatu na simu moja imeshaondolewa kwenye hesabu.

Inamfaa: mtoto anayelazimika kukaa nyumbani na ambaye ana mtu wa kukaa naye, au familia inayoitumia kama njia ya pili.

Kwa hali yako

Kama wewe ni muuguzi, dereva, muuza duka, mtu ambaye kazi haimfuati nyumbani, mtandao hautakusaidia na zamu huenda usiziweze. Chukua kituo chenye makundi, kisha kabla hujalipa, tafuta mzazi mmoja wa kundi hilohilo mtakayesaidiana kundi likifungwa. Awe wa kundi lilelile, kwa sababu watoto wenu watakuwa wamekutana tayari na hamuongezi hatari mpya. Ulizia pia nafasi za dharura: katika nchi nyingi watoto wa wahudumu wa afya walibakishiwa nafasi hata wakati kila kitu kilipofungwa.

Una watoto wawili au watatu wa madarasa tofauti? Swali lako la kwanza kwa kituo ni makundi yanapangwa vipi. Wakipanga kwa madarasa, kila mtoto wako ni mlango wa kufungiwa, na nyumba yenye watoto watatu itafungiwa mara tatu. Hapo zamu ya familia mbili inaanza kuonekana nafuu hata kwa jasho lake.

Nyumbani kuna mzee au mtu mwenye kinga dhaifu: kituo cha nje siku za kavu, mtandao siku za mvua. Ukilazimika kutumia chumba, barakoa ina nafasi yake kwa wakubwa kidogo. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa Agosti 2020 haukutaka watoto wa miaka mitano kushuka chini wavae, uliwaacha wa miaka 6 hadi 11 waamuliwe kwa kuangalia hali ya maambukizi na uwezo wa mtoto, na wa miaka 12 na zaidi ukawaweka pamoja na watu wazima.

Mtoto ni mmoja, hana ndugu, na ameanza kuongea na wanasesere kuliko watu: mpe wenzake wa kushikana nao mikono, iwe kwa kundi dogo la kituo au kwa familia moja nyingine. Kioo kisiwe chakula chake kikuu.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu, muulize mkuu wa kituo jambo moja: mlezi atakuwa yuleyule kila siku? Kwa baadhi yao kundi dogo lenye sura zilezile lilikuwa bora kuliko kituo cha zamani, na wazazi wao ndio walioomba libaki vizuizi vilipokwisha.

Na kama uko kwenye kamati ya kituo, huna haja ya kuchagua moja. Makundi ndani, nje kila siku isiyo na mvua, na kiungo cha video kilichokwisha kujaribiwa kabla ya siku ya kufungwa. Mpango huo uwe umeandikwa kwenye fomu ya kuandikisha, pamoja na habari ya ada siku hizo, mzazi ausome akiwa ametulia, kabla hajaupokea kwa simu saa nne asubuhi akiwa kazini.